Dhidi ya Nini? Kupima Jita ya Vifaa vya Mtandao wa Waya kwa Oskiloskopu

Wahandisi wenzangu, mafundi, walimu na wanafunzi mliofika, habari zenu.

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupima jita ya vifaa vya mtandao wa waya kwa oskiloskopu, chombo kinachochora volti dhidi ya muda, nami nimekubali kwa moyo mmoja, kwa sababu hiki ni kipimo kinachofanywa kila siku na kuandikwa vibaya karibu kila siku. Ripoti inaletwa mezani, ndani yake mna mstari mmoja: jita, pikosekunde 85. Basi. Haisemi ni ya ukingo upi, dhidi ya nini, kwa kingo ngapi, baada ya kichujio gani, wala oskiloskopu yenyewe ilichangia kiasi gani. Namba ya namna hiyo huwezi kuikubali wala kuikataa. Kifaa kikipelekwa kazini kikaanza kupoteza fremu, yaani vifurushi vya data, hakuna atakayerudi kwenye ripoti ile akapata la kumsaidia.

Hoja yangu ni moja, na nitaizunguka mpaka mwisho. Jita ni tofauti ya nyakati mbili: wakati ukingo wa wimbi, yaani mahali linapopanda au kushuka, ulipofika, na wakati ulipotakiwa kufika. Oskiloskopu inauona ule wa kwanza tu. Wa pili unauchagua wewe, kwa kuweka triga, yaani tukio linaloiambia oskiloskopu ianze kuchora, kwa kuchagua saa ya rejea, kwa kuchagua kichujio. Ukiuchagua bila kujua kwamba umechagua, umeshapima kitu kingine.

Kabla ya hapo tuweke mipaka, maana watu wa mitandao wana jita mbili. Wanaoshughulika na sauti na video wakisema jita wanamaanisha pakiti kufika kwa nafasi zisizo sawa, na kwa kawaida wanazungumzia milisekunde. Wana hata kanuni yao, iliyoandikwa kwenye RFC 3550, hati ya kanuni za intaneti ya mwaka 2003: kila pakiti inapoingia, makadirio ya zamani yanasogezwa kwa sehemu moja ya kumi na sita ya tofauti mpya. Hiyo inahesabiwa na programu, haihitaji oskiloskopu. Mtu wa vifaa akisema jita anamaanisha kingo za umeme kwenye waya kuyumba kwa nanosekunde au pikosekunde, yaani sehemu za bilioni au za trilioni za sekunde. Kati ya hizo mbili iko ya tatu, ambayo ndiyo inayonivutia zaidi: kuyumba kwa muda ambao fremu inatumia kupita ndani ya swichi au ndani ya chipu ya PHY, ile inayotuma na kupokea ishara za waya. Hiyo huonekana kwenye oskiloskopu kwa uzuri wa ajabu, nami nitaifikia.

Tuanze na waya wenyewe. Chukua etheneti ya megabiti 100, ile 100BASE-TX. Data inapanuliwa, kila biti nne zinakuwa tano, hivyo laini inakwenda kwa alama milioni 125 kwa sekunde, kila alama nanosekunde 8. Kisha data inachanganywa ili isijirudie, na kupelekwa kwa ngazi tatu za umeme: volti moja juu, sifuri, volti moja chini. Ukomo wa jita ya kifaa kinachotuma, kwa kiwango cha ANSI X3.263 cha mwaka 1995 ambacho IEEE 802.3, kiwango kikuu cha etheneti, inakitegemea, ni nanosekunde 1.4 kutoka kilele hadi kilele, yaani kati ya ukingo uliowahi zaidi na uliochelewa zaidi. Muda wa kupanda na wa kushuka uwe kati ya nanosekunde 3 na 5.

Hapo kwenye ngazi tatu ndipo wengi wanapojikwaa. Mtu aliyezoea kupima saa za kawaida huweka kizingiti cha kupimia katikati ya wimbi, yaani volti sifuri. Kwa wimbi hili, sifuri ni mahali ambapo ishara inapumzika. Inaweza kukaa hapo alama kadhaa mfululizo, ikitetemeka kwa kelele, na kila mtetemeko unaokata mstari wa sifuri oskiloskopu inauhesabu kama ukingo. Jita inayotoka hapo ni upuuzi mtupu. Vizingiti vya kweli ni viwili, kimoja kwenye nusu volti juu na kingine kwenye nusu volti chini, na unapima kila kimoja peke yake. Ukiangalia wimbi kwa mchoro wa jicho, yaani alama nyingi zikichorwa juu ya nyingine, utaona macho mawili, moja juu ya lingine. Pima makutano ya jicho la juu, kisha ya jicho la chini, ulinganishe. Yakitofautiana sana, kifaa kina shida ya ulinganifu, na hilo ungelikosa kama ungetoa namba moja ya jumla.

Kuna jambo lingine la wimbi hili. Kati ya chipu na waya kuna transfoma, na transfoma haipitishi umeme usiobadilika. Mfululizo wa data ukiegemea upande mmoja kwa muda, wimbi zima linateremka au kupanda polepole. Tufanye hesabu. Wimbi linapanda kutoka sifuri hadi volti moja. Kati ya asilimia 10 na 90 ni volti 0.8, na ikichukua nanosekunde 4, mteremko ni volti 0.2 kwa nanosekunde. Wimbi likishuka kwa milivolti 100 wakati kizingiti chako kimesimama palepale, ukingo unaonekana kuhama kwa nusu nanosekunde. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya bajeti nzima ya 1.4. Kipokezi cha kweli kina saketi ya kurekebisha kuhama huko kwa wimbi, oskiloskopu yako haina. Kwa hiyo ukiona jita kubwa inayofuata mpangilio wa data, usikimbilie kulaumu kristali inayoendesha saa.

Huo mteremko wa volti 0.2 kwa nanosekunde naomba muushike, maana ndio mlango ambao kelele ya volti hupitia ikawa jita. Gawanya kelele kwa mteremko, unapata muda. Milivolti moja ya kelele ni pikosekunde 5. Sasa tazama oskiloskopu ya biti 8 iliyowekwa milivolti 500 kwa kila gawanyo, magawanyo manane. Skrini nzima ni volti 4, na zikigawanywa kwa hatua 256, kila hatua ni karibu milivolti 15.6. Hatua moja tu ya kusoma volti ni pikosekunde 78 za muda! Wimbi lenyewe linahitaji volti 2 tu. Lipanue lijaze skrini bila kukatwa vilele, na hatua inapungua karibu nusu. Oskiloskopu ya biti 12 inaishusha hadi karibu milivolti moja hata kwa mpangilio ule wa volti 4. Haya yote hayana uhusiano wowote na kifaa unachokipima, ila yataingia kwenye ripoti yake kama hukuyatoa.

Kuhusu upana wa masafa nitasema kifupi. Kanuni ya mafundi ni kwamba muda wa kupanda wa oskiloskopu ni 0.35 gawanya kwa upana wa masafa. Ya megahezi 100 inapanda kwa nanosekunde 3.5. Ukiipa ukingo wa kweli wa nanosekunde 4, itakuonyesha mzizi wa jumla ya miraba ya nyakati hizo mbili, yaani karibu 5.3, na kifaa kisicho na kasoro kitaonekana kimevuka ukomo wa 5. Tena oskiloskopu nyembamba inafanya kingo zikumbuke alama zilizotangulia, na hiyo ni jita ya data uliyoitengeneza mwenyewe. Kwa megabiti 100 anza na megahezi 350, afadhali 500. Gigabiti juu ya shaba nayo inakwenda alama milioni 125 kwa sekunde, lakini ukomo wa jita yake ya haraka ni mdogo zaidi, kwa hiyo gigahezi moja si anasa. Angalia pia kwamba oskiloskopu nyingi hugawa kasi ya kuchukua sampuli unapowasha chaneli zote. Zima usizozitumia.

Probu, ile ncha ya kupimia inayounganisha oskiloskopu na kifaa, ni habari nyingine. Probu ya kawaida ina kapasitansi kama pikofaradi 10, na waya wake mrefu wa ardhi una induktansi inayoweza kufika nanohenri 100. Viwili hivyo vinaimba pamoja kwenye takriban megahezi 159, na mwimbo huo unapanda juu ya kingo zako. Kwa etheneti tumia probu ya tofauti, inayosoma tofauti ya volti kati ya waya mbili, au tengeneza kifaa kidogo cha kupimia chenye soketi ya etheneti, ukinzani wa ohmu 100 kati ya waya mbili za jozi, na njia fupi kwenda kwenye probu. Zima majadiliano ya kasi kwenye chipu, ilazimishe kasi ya 100 pande zote mbili, zima pia ubadilishaji wa jozi wa moja kwa moja. Usipofanya hivyo chipu itatuma mipigo ya kutafuta mwenzake, na wimbi unalolitaka halitatokea.

Sasa tufike kwenye triga, mahali ambapo swali la "dhidi ya nini" linajibiwa kimyakimya bila mpimaji kujua. Weka oskiloskopu ijitrige kwenye ukingo unaopanda wa saa ya megahezi 25, washa kumbukumbu ya skrini ili mistari irundikane. Ukingo wa triga unaonekana mwembamba, umesimama kama mstari wa rula. Sogeza dirisha mbele mikrosekunde 10, ukingo wa huko umenenepa. Kuna wanaohitimisha kwamba saa inaharibika kadiri muda unavyokwenda. La hasha. Ukingo wa triga ni mwembamba kwa sababu ndio uliouchagua kuwa sifuri. Kuyumba kwake kote kumehamishiwa kwa wenzake. Kile unachokiona mbele ni kuyumba kwa umbali kati ya kingo mbili, pamoja na kuyumba kwa triga ya oskiloskopu, pamoja na kuyumba kwa saa ya ndani ya oskiloskopu, vyote vimelundikwa pamoja. Na kadiri dirisha linavyokwenda mbali, mabadiliko ya polepole zaidi yanaingia kwenye picha. Umbali wa dirisha umekuwa kichujio, nawe hukuuandika popote.

Njia iliyo bora, ikiwa oskiloskopu yako ina kumbukumbu ya kutosha, ni kukamata rekodi moja ndefu bila kukatika, kisha kutafuta muda wa kila ukingo na kuulinganisha na saa bora iliyohesabiwa kutokana na rekodi hiyohiyo. Unapata mfululizo wa makosa ya muda, moja kwa kila ukingo. Mfululizo huo ni hazina, kwa sababu unaweza kuuchora dhidi ya muda, ukautengenezea histogramu, ukauchambua kwa masafa. Lakini urefu wa rekodi una maana yake. Ukitaka kuona mtetemo wa kilohezi 5 unahitaji angalau mikrosekunde 200 ili uone mzunguko mmoja, na kwa kweli unataka milisekunde moja au zaidi. Kwa sampuli bilioni 2.5 kwa sekunde, milisekunde moja ni sampuli milioni 2.5. Ukitaka kuona mvumo wa umeme wa gridi baada ya kunyooshwa, yaani hezi 100 au 120, unahitaji milisekunde 10 kwa mzunguko mmoja, sampuli milioni 25. Ambaye kumbukumbu yake ni ndogo hawezi kusema mvumo haupo. Anachoweza kusema ni kwamba hakuutazama.

Waandishi wa kiwango cha gigabiti juu ya shaba, IEEE 802.3ab cha mwaka 1999, walilielewa hili vizuri, nami nawapendea hapo. Hawakuandika namba moja. Kwanza walijua kwamba kwenye gigabiti huwezi kuangalia waya ukiwa kazini, maana jozi zote nne zinatuma na kupokea kwa wakati mmoja kwenye waya zilezile. Probu yako inaona mawimbi ya pande mbili yamepandana. Kwa hiyo waliweka hali za majaribio ndani ya chipu, unazozichagua kwa biti 13 hadi 15 za rejista ya 9. Hali ya pili inaifanya chipu itume alama ya juu kabisa na ya chini kabisa kwa zamu, bila kukoma, kwa saa yake yenyewe ikiwa kiongozi. Hapo unapata wimbi safi la megahezi 62.5. Hali ya tatu ni ya kifaa mfuasi, anayejifunza saa kutoka kwa kiongozi.

Kisha tazama walivyoandika mipaka. Jita ya saa ya kiongozi dhidi ya rejea isiyoyumba isizidi nanosekunde 1.4, bila kichujio, kwa muda usiopungua milisekunde 100 na usiozidi sekunde moja. Halafu saa hiyohiyo ikipitishwa kwenye kichujio kinachokata chini ya kilohezi 5, na kujumlishwa na jita ya waya dhidi ya saa ya chipu, isizidi nanosekunde 0.3, kwa angalau kingo laki moja. Mfuasi anapimwa dhidi ya saa ya kiongozi, na kichujio chake ni cha kilohezi 32. Kila namba imekuja na rejea yake, kichujio chake na hesabu yake. Kwa nini kichujio? Kwa sababu kipokezi kinaweza kufuata mabadiliko ya polepole. Saa ikielea taratibu, kipokezi kinaelea nayo bila shida. Kinachokiumiza ni kile cha haraka kisichoweza kufuatwa. Ndiyo maana kiwango kinavumilia 1.4 kwa jumla na 0.3 tu kwa sehemu ya haraka. Ukipima bila kichujio ukalinganisha na 0.3, utakitupa kifaa kizima. Ukipima kwa kichujio ukalinganisha na 1.4, utakipitisha kibovu.

Ugumu mmoja wa kweli upo hapa. Kipimo hiki kinahitaji saa ya ndani ya chipu itokeze kwenye pini, na kwenye bodi nyingi zilizokamilika pini hiyo haijatolewa nje. Mnaobuni bodi, nawasihi, acheni kituo kidogo cha kupimia karibu na chipu. Nafasi yake ni ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, na atakayekuja kupima atawashukuru.

Kuhusu hesabu ya kingo, kuna tabia inayowasumbua wengi. Jita ya bahati nasibu, ile inayotokana na kelele ya joto na mfano wake, ina histogramu ya umbo la kengele, na kengele haina mwisho. Kadiri unavyongoja ndivyo kilele hadi kilele kinavyokua. Kwa kingo elfu moja utapata karibu mara 6.5 ya mkengeuko sanifu. Kwa kingo milioni moja karibu mara 9.7. Wapimaji wawili wa kifaa kilekile, mmoja mvumilivu na mwingine mwenye haraka, watatoa namba mbili tofauti na wote watakuwa wakweli. Kwa jita ya aina hiyo andika mkengeuko sanifu na idadi ya kingo. Ukihitaji kukadiria kosa moja katika biti trilioni moja, mkengeuko huo unauzidisha kwa takriban 14, kisha unaongeza jita yenye mipaka: ile ya data, ya upotofu wa nusu mzunguko (nusu ya juu na ya chini kutolingana kwa muda), ya mtetemo wa masafa maalumu. Aina hizi mbili hazichanganywi kwenye mfuko mmoja.

Sasa oskiloskopu yenyewe. Kabla ya kupima kifaa chochote, pima chombo chako. Chukua wimbi moja safi lenye mteremko unaokaribiana na wa kifaa, ligawe mara mbili, nusu moja iingie chaneli ya kwanza na nyingine chaneli ya pili kwa kebo zilizo sawa. Pima tofauti ya muda kati ya kingo hizo mbili. Wimbi ni moja, kwa hiyo tofauti ingepaswa kusimama tuli. Kuyumba unakokuona ni kwa kelele za chaneli zako. Tuseme chombo kinachangia pikosekunde 18 za mkengeuko sanifu, na kipimo cha kifaa kimetoa 30. Unatoa kwa miraba: 900 toa 324 ni 576, mzizi wake 24. Kifaa kina pikosekunde 24. Hesabu hii inafaa kwa jita ya bahati nasibu peke yake. Kilele hadi kilele hakitolewi namna hiyo. Na ikiwa chombo kimetoa 28 na kipimo 30, usiandike 11. Andika kwamba chombo hakitoshi. Tena jueni kwamba jaribio hili la chaneli mbili halionyeshi kuyumba kwa saa ya ndani ya oskiloskopu, kwa kuwa chaneli zote zinaitumia na linajifuta. Kwa hilo unahitaji kupima chanzo kinachojulikana kuwa tulivu kuliko oskiloskopu, kwa rekodi ya urefu uleule utakaoutumia kwenye kifaa.

Nimeahidi kurudi kwenye fremu zinazopita ndani ya kifaa. Tunataka kujua: fremu ikiingia mlango mmoja wa swichi, muda wake wa kutoka mlango mwingine unayumba kiasi gani? Kwenye etheneti ya megabiti 10 ilikuwa rahisi, kwa sababu kati ya fremu na fremu waya ulikuwa kimya. Unatriga kwenye mwanzo wa fremu upande wa kuingia, unatazama mwanzo wake upande wa kutoka. Kwenye megabiti 100 waya haunyamazi kamwe. Fremu zisipokuwepo, chipu inatuma alama za kupumzika zilizochanganywa, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na data. Kwa hiyo unashuka hadi kwenye MII, yaani waya za kiunganishi kilicho kati ya chipu ya PHY na kidhibiti: waya unaotangaza kwamba data iliyopokewa ni halali upande mmoja, na waya unaoruhusu kutuma upande mwingine. Triga kwenye wa kwanza, tengeneza histogramu ya wa pili.

Utakachokiona si kengele. Kwenye MII ya megabiti 100 saa ni megahezi 25, hatua moja nanosekunde 40. Fremu inafika kwa saa ya mtumaji na kutoka kwa saa ya swichi, na saa hizo mbili hazijawahi kukutana. Kristali moja ikiwa juu kwa sehemu 50 kwa milioni na nyingine chini kwa kiasi hichohicho, tofauti yao ni sehemu 100 kwa milioni, yaani nanosekunde 100 kwa kila milisekunde. Uhusiano wa awamu kati ya saa hizo unateleza hatua nzima ya nanosekunde 40 kila milisekunde 0.4. Kwa hiyo ucheleweshaji unapanda taratibu, unafika ukingoni, unaanguka kwa nanosekunde 40, unaanza tena. Ukiuchora dhidi ya muda ni meno ya msumeno. Ukiutengenezea histogramu ni sanduku tambarare la upana wa nanosekunde 40, na mkengeuko wake sanifu ni 40 gawanya kwa mzizi wa 12, karibu 11.5. Nimependa sana picha hii tangu nilipoielewa, maana inakuonyesha kristali mbili zikibishana. Ipashe moto mojawapo kidogo kwa pumzi ya hewa ya joto, na meno ya msumeno yatabadilisha kasi mbele ya macho yako.

Mfano huu unaonyesha pia hatari ya kutuma fremu za majaribio kwa nafasi zilizo sawa kabisa. Kasi ya fremu ikikaribiana na kasi ya msumeno, au na kigawe chake, utakamata sehemu ileile ya jino kila mara na kuandika kwamba kifaa hakiyumbi. Tuma fremu kwa nafasi za bahati nasibu.

Juu ya msumeno huo kuna kuyumba kukubwa zaidi kunakotokana na foleni. Fremu yako ikifika wakati mlango wa kutokea unatuma fremu kubwa ya baiti 1518, italazimika kungoja. Kwa megabiti 100, baiti hizo pamoja na utangulizi wake ni mikrosekunde 122 hivi. Hiyo ni zaidi ya mara elfu tatu ya jino la msumeno. Kwenye histogramu utaona sanduku jembamba la fremu zilizopita bila kungoja, kisha mkia mrefu wa zilizongoja. Ukitoa wastani na mkengeuko sanifu wa vyote hivyo pamoja, umeficha mambo mawili yenye sababu tofauti na tiba tofauti. Pima kwanza bila msongamano, upate kuyumba kwa saketi. Kisha ongeza msongamano, upate kuyumba kwa foleni.

Kwa wanaoshughulika na kulinganisha saa za vifaa kupitia mtandao kwa kiwango cha IEEE 1588, oskiloskopu ina kazi nyepesi na nzuri. Vifaa vingi hutoa mpigo mmoja kwa sekunde. Peleka mpigo wa kifaa kiongozi chaneli ya kwanza, wa mfuasi chaneli ya pili, kebo za urefu mmoja, kwa sababu kila mita ya kebo ni kama nanosekunde 5. Kupima kwa saa moja nzima kunakupa mipigo 3600 tu, kwa hiyo uwe na subira. Kitovu cha histogramu kikihama kutoka sifuri, shuku njia isiyo sawa ya kwenda na kurudi, au kebo ya kupimia iliyozidi urefu. Upana wake ndio jita. Na ukiona histogramu imegawanyika vijiti vijiti vya nanosekunde 8, unaitazama saa ya megahezi 125 inayopiga mihuri ya muda ndani ya kifaa. Hakuna programu itakayoboresha hapo bila kuigusa saa hiyo.

Nimalizie na kazi ambayo oskiloskopu inaifanya vizuri kuliko chombo chochote kingine mezani, yaani kumtafuta mkosaji. Umepata mfululizo wa makosa ya muda, umeuchambua kwa masafa, ukaona mlima mmoja uliosimama peke yake, tuseme kwenye kilohezi 300. Kelele ya joto haisimami namna hiyo. Weka chaneli ya pili kwenye njia ya umeme inayolisha saa ya chipu, itazame kwa masafa yaleyale. Ukikuta mlima uleule, una mtuhumiwa: kibadilisha umeme cha kwenye bodi. Usimhukumu bado, maana vitu viwili vinaweza kutetemeka pamoja kwa sababu ya cha tatu, na probu yako yenyewe inaweza kuokota sumaku ya koili iliyo karibu. Ongeza mzigo kwenye kibadilisha umeme hicho uone kama mlima unahama au kubadilika urefu. Kisha kikate kabisa, ulishe saa kwa betri. Mlima ukitoweka upande wa muda, umempata. Ukibaki palepale wakati kibadilisha umeme kimekufa, angalia kilichobaki kimewashwa mezani, ikiwemo taa iliyo juu ya kichwa chako na chaja ya kompyuta yako. Hifadhi rekodi ghafi za hali zote mbili, kabla na baada, pamoja na mpangilio wote wa oskiloskopu, maana picha ya skrini peke yake haimruhusu mwingine kubadilisha kichujio na kuangalia upya.

Vifaa viko pale mbele: bodi mbili za etheneti, soketi ya kupimia na oskiloskopu. Anayetaka aje tuupashe moto ule msumeno, na maswali tutayajibu tukiwa mezani.